Vifaranga wamekamilika lakini wanafia ndani ya yai: usikimbilie kuongeza maji

Mkuu, umesema uko Tanga, mashine yako ya kutotolesha mayai ya kuku ina feni, na unyevu wa hewa ndani yake uliuweka asilimia 60 tangu siku ya kwanza kama kijitabu chake kinavyoelekeza. Siku ya 18 ulimulika mayai kwa tochi ukaona vifaranga wanacheza, halafu zaidi ya nusu hawakutoka. Ulipovunja ukakuta wamekamilika, wamelowa na kuvimba, wengine hata ganda hawajalidonoa. Wachangiaji wawili wamekushauri uongeze maji. Naomba sana usiongeze. Kifaranga aliyekufa kwa ukavu huwa mdogo, na utando umemkauka na kumgandia mwilini. Wako wamekufa kwa maji kuwa mengi.

Ganda la yai lina vitundu vidogo maelfu. Tangu siku ya kwanza maji yanatoka humo kama mvuke, na nafasi yake inachukuliwa na hewa kwenye upande butu. Yai linalokwenda vizuri hupoteza kama asilimia 12 ya uzito wake kufikia siku ya 18. Siku ya 19 au 20 kifaranga anatoboa utando wa ndani, anaingiza mdomo kwenye chumba hicho cha hewa, na hapo mapafu yanafanya kazi kwa mara ya kwanza. Kudonoa ganda kunafuata baadaye. Sasa yai lisipopoteza maji ya kutosha, chumba cha hewa kinakuwa kidogo na kifaranga amelijaza yai lote, hana pa kujigeuzia. Hewa inamwishia kabla hajalifikia ganda. Inauma kumkuta ana manyoya na kucha zote.

Kuhusu hiyo asilimia 60: namba ya kijitabu haijui unaishi wapi. Mimi nafuga kuku wa kienyeji kwa kupenda tu, nilianzia Njombe na sasa niko Dar, na mashine ni ileile. Njombe wakati wa baridi ya Juni na Julai nilikuwa najaza trei zote za maji na bado nahangaika kuifikisha 40. Dar kipindi cha masika, trei zikiwa kavu kabisa, inasoma 45 na ushee. Hewa ikipata joto inaweza kubeba mvuke mwingi zaidi, kwa hiyo asilimia yake inashuka hata kama maji yaliyomo ni yaleyale. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80, hali ya kawaida kabisa huku pwani, ukiipasha hadi nyuzi 37.7 za ndani ya mashine inabaki na asilimia 46 hivi bila kuweka hata tone. Hewa ya nyuzi 15 yenye asilimia 80 hiyohiyo ikifika joto hilo inabaki na 21 tu. Kwa hiyo wewe wa Tanga, siku nyingi za mvua, hewa inayoingia kwenye mashine tayari ina maji yake.

Kabla ya kubadili chochote, hakiki kipima unyevu chako, maana vile vidogo vya bei rahisi hudanganya sana. Chukua kifuniko cha chupa, jaza chumvi ya mezani, idondoshee maji mpaka iwe kama mchanga mbichi, isiyeyuke. Weka kifuniko hicho pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, viache kutwa nzima ndani ya nyumba. Humo ndani unyevu unakuwa asilimia 75. Kama kipimo kinasoma 68, ujue kinapunguza 7, na huenda ile 60 yako ilikuwa 67.

Lakini hata kipimo kizuri mimi sikitegemei peke yake. Ninachokiamini ni mizani ya jikoni. Pima trei ya mayai siku unayoyaingiza. Tuseme mayai 30 ya kienyeji yana gramu 1,350. Asilimia 12 yake ni gramu 162, yaani kama gramu 9 kwa siku. Siku ya 7 pima tena: yanatakiwa yawe yamepungua gramu 63 hivi. Kama yamepungua 40, mashine ina unyevu mno, punguza maji na ufungue matundu ya hewa. Kama yamepungua 90, ongeza. Siku ya 14 unarudia. Ukiondoa mayai yasiyo na mbegu baada ya kumulika, pima upya yaliyobaki na uyafanyie hesabu yake, vinginevyo utadhani yamekauka ghafla.

Ukitaka kuongeza unyevu, kina cha maji hakisaidii, kinachosaidia ni upana wake. Sahani pana yenye maji kidogo inafanya kazi kuliko kikombe kilichojaa. Na usizibe matundu ya hewa ili unyevu upande. Vifaranga wanahitaji hewa kuliko wanavyohitaji namba yako.

Siku ya 18 mambo yanageuka. Unaacha kuyageuza mayai na unapandisha unyevu hadi 65 au 70, ili utando usikauke wakati kifaranga anatoboa. Hapa ndipo wengi wanaharibu kwa kufunguafungua mlango. Tangu alidonoe ganda hadi atoke inaweza kuchukua saa 12 hadi 24, na muda huo anamalizia kuvuta damu iliyo kwenye utando na kiini cha njano kiingie tumboni. Ukimbandua mapema anavuja damu. Mwache. Wa kwanza wakitoka wakiwa wamelowa, unyevu utapanda wenyewe hadi 75 au zaidi. Hilo lisikutishe, ongeza tu hewa. Waliotoka waache humo wakauke, kile kiini kinawatosha siku mbili bila chakula.

Zipo sababu nyingine za kufia ndani, kama mayai kulazwa ncha ikiwa juu, kutogeuzwa, au joto kuyumba umeme unapokatika. Ila kulowa na kuvimba hivyo, mimi ningeanza na maji.

Mzunguko ujao anza na trei kavu na uzito ulioandikwa. Siku ya 7 weka hapa gramu za mwanzo na za siku hiyo, pamoja na idadi ya mayai, tuangalie kama unahitaji maji.