Satelaiti ikishafunguka, kwa nini isijikunje tena?

Kuna kijana wa Mbagala anasoma diploma ya mekanika kaniandikia hivi: "Shikamoo bro injinia. Naona satelaiti zinapanda zimekunjwa, zikifika juu zinafunguka, alafu ndo basi, zinabaki hivyohivyo mpaka zife. Kwa nini wasitengeneze inayojikunja na kujikunjua na kubadili umbo kila kazi ikibadilika? Mota si zipo?"

Marahaba mdogo wangu. Mota zipo kweli, ila ngoja nikupe kisa cha 2017 maana jibu lako karibu lote liko humo. NASA walipeleka paneli ya sola inayoviringishwa kama mkeka, inaitwa ROSA, wakaijaribu nje ya kituo cha anga cha kimataifa. Kufunguka ilifunguka vizuri tu. Siku ya kuiviringisha irudi ikagoma kujifunga kwenye mkao wake wa mwanzo, wakahangaika nayo wee, mwishowe wakaiachia kwa kutumia mkono wa roboti ikaelea zake. Na hapo wanaanga wako jirani, mkono wa roboti upo, kamera zipo. Sasa ya kwako iko peke yake huko kilomita 500 juu, nani ataenda kuipiga teke?

Watu wanadhani kukunja ni kufungua kwa kurudi nyuma, sio. Kufungua unaachia tu nguvu uliyoibana ukiwa chini, springi yenyewe inatamani kutoka, wewe unakata kamba basi. Kukunja kila kipande lazima kirudi palepale kilipotoka, na saa hiyo kimeshajipinda kidogo kwa joto. Umeshaona yale mapazia ya waya ya kioo cha gari machinga wanayouza kwenye foleni Ubungo? Kufunguka sekunde moja paa, kulirudisha kwenye mfuko wake unatoka jasho na abiria wanakucheka.

Alafu kila bawaba unayoongeza ni mahali pa kukwama. Darubini ya James Webb kioo chake ni mita 6.5 na kofia ya roketi ya Ariane 5 iliyoibeba kwa ndani ilikuwa haifiki hata mita 5, kwaiyo ilibidi ikunjwe tu, hakuna namna, na walihesabu sehemu 344 ambazo moja ikigoma inaweza kuua mradi mzima. Hiyo ni kufunguka mara moja. Galileo nayo, ile iliyoenda Jupiter, antena yake kubwa ilikuwa ya mita 4.8 na inafunguka kama mwamvuli, 1991 wakaamrisha ifunguke, mbavu chache zikang'ang'ania kwenye mlingoti. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kilainishi kilisagika chombo kilipokuwa kinasafirishwa barabarani kwa lori huko Marekani kabla ya kurushwa. Yani mtetemo wa lori! Na kwenye vakyumu, yani mahali pasipo na hewa, metali mbili zilizo tupu zikikandamizana zinaweza kushikana kama zimechomelewa, grisi ya kawaida nayo inaruka mvuke inaenda kuchafua lenzi. Kazi ikaendelea kwa antena ndogo, data ikawa inakuja kwa kudondoka kama bomba la DAWASA siku ya mgao.

Joto nalo usilichukulie poa. Mzunguko wa chini unachukua kama dakika 90, kwaiyo jua linachomoza na kuzama mara 16 hivi kwa siku, na kila mara chuma kinatanuka na kusinyaa. Darubini ya Hubble paneli zake za sola za kwanza zilikuwa zinatetemeka kila ikivuka kutoka usiku kwenda mchana, picha zinaharibika, paneli zikabadilishwa Desemba 1993.

Kingine ambacho wanafunzi wengi wanasahau, kaa kwenye kiti cha ofisi kinachozunguka, jizungushe mikono ikiwa imekunjwa alafu inyooshe, unapungua kasi. Satelaiti haina ardhi ya kujishikilia, ukisogeza mkono huku mwili unageuka kule, antena iliyokuwa inaangalia Dar sasa inaangalia bahari. Inarekebishika, ila kila umbo linataka hesabu zake za uelekezaji.

Sasa sio kwamba wazo lako halifai, ila dawa mimi naona ni kupunguza viungo, sio kuongeza mota. Chukua futi ya chuma ya fundi ujenzi, ukiivuta inasimama ngumu, ukiikunja inalainika, hakuna pini wala grisi. Paneli mpya za iROSA zilizofungwa kituoni kuanzia 2021 zinatumia nguvu hiyohiyo, mabomba ya faiba ya kaboni yaliyobanwa yanajinyoosha yenyewe. Hata hivyo baridi inakula, bomba la antena ya rada ya Mars Express, chombo cha Ulaya kinachozunguka Mars, mwaka 2005 kiungo cha 10 kiligoma kunyooka, wakageuza chombo jua likipige upande ule, kikapata joto kikajifunga. Na wakati mwingine huhitaji kubadili umbo kabisa: IKAROS ya Wajapani 2010, tanga linalosukumwa na mwanga wa jua, unene wa mikroni 7.5 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), iligeuka kwa kuwasha na kuzima vipande vya LCD, kama vile vya kioo cha kikokotoo, pembeni mwa tanga ili mwanga usukume upande mmoja zaidi. Ile ndo injinia kali kwangu.

Kwaiyo ukianza kuchora, jiulize kwanza kazi gani hasa inalazimisha umbo libadilike, na mara ngapi. Ukijibu "mara moja" umeshaokoa pesa nyingi. Msuguano upime bawaba ikiwa baridi na ndani ya vakyumu, sio mezani kwenye joto la Dar, springi isipokuwa na nguvu angalau mara mbili ya msuguano mbaya kuliko wote mimi siisaini. Ukijaribu chini, ning'iniza vipande kwa kamba, maana uzito unaweza kukusaidia kufungua ukajidanganya.

Kipande cha futi mbovu cha sentimita 30 kinakutosha kuanzia. Kikunje katikati ukiachie ukiwa umekiweka mbali na macho, uone kinavyopitiliza na kurudi kabla hakijatulia. Huko kupitiliza ndo utakakokuwa unapambana nako.