Maswali ya Wasomaji: Mwanya Mmoja au Miwili?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafanya kazi katika ghala la korosho hapa Mtwara mjini. Minada ya korosho inapopamba moto, futiboli ya Marekani nayo huwa katikati ya msimu, na Jumamosi jioni mimi na wenzangu wawili hutazama mechi za vyuo kwenye simu. Kila mwaka tunabishana jambo moja. Mlinzi wa mstari wa mbele anatamba chuoni, anamwangusha kwotabeki, yule kiongozi wa mashambulizi anayerusha mpira, karibu kila wiki, lakini akiingia timu ya kulipwa hasikiki tena. Mwingine ambaye hatukuwahi kumtaja anageuka kuwa nguzo. Mwenzangu anashikilia kwamba inatosha kujua kama timu inaweka walinzi watatu mbele au wanne. Je, ni kweli? – Msomaji, Mtwara

JIBU: Ndugu msomaji, mwenzako ameshika kitu cha kweli, ila amekishika kwa nje. Zipo timu zinazoweka walinzi watatu mbele na lainibeka, yaani walinzi wa safu ya pili, wanne nyuma yao, na zipo zinazoweka wanne mbele na watatu nyuma, lakini hesabu hiyo haikwambii mchezaji ametumwa kufanya nini, na kazi aliyotumwa ndiyo inayoamua kama atafaa au hatafaa. Isitoshe, siku hizi timu za kulipwa hutumia mabeki watano wa nyuma badala ya wanne kwa zaidi ya nusu ya mchezo, hivyo umbo linaloandikwa kwenye karatasi huonekana uwanjani mara chache kuliko tunavyodhani.

Tazama mianya. Timu yenye mpira hupanga wazuiaji watano, yule wa katikati akiwa senta anayeanzisha mpira, na makocha huipa mianya iliyo kati yao majina ya herufi: A ni ule unaomgusa senta, kulia na kushoto, B unafuata, kisha C, ulio nje ya mzuiaji wa mwisho. Mlinzi aliyepewa mwanya mmoja husimama kwenye bega la mzuiaji, na mpira ukianzishwa tu hujipenyeza kabla mlango haujafungwa. Aliyepewa miwili husimama uso kwa uso na mzuiaji, humkamata kifuani, hunyoosha mikono ili apate nafasi ya kuona, husubiri mbeba mpira achague upande, ndipo humtupa mzuiaji pembeni na kukamata. Wa kwanza analipwa kwa kupita, wa pili kwa kutosogezwa. Ni miili tofauti, na hata tabia ni tofauti, kwa sababu si kila kijana mwenye kasi atakubali kukaa mechi nzima akibebana na watu wawili ili lainibeka aliye nyuma yake ndiye apate sifa.

Aaron Donald alitoka Chuo Kikuu cha Pittsburgh mwaka 2014 akiwa na kilo zisizofika 130, umbo dogo kwa mtu wa katikati, na katika uchaguzi wa kila mwaka, ambapo timu za kulipwa huchagua vijana wa vyuo kwa zamu, wachezaji kumi na wawili walichaguliwa kabla St. Louis Rams hawajamchukua. Mwaka 2017 Rams, wakiwa wamekwisha hamia Los Angeles, walimleta kocha wa ulinzi Wade Phillips na mpango wake wa watatu mbele. Kwa kipimo cha mwenzako Donald, aliyezoea mstari wa wanne, angezama. Lakini Phillips aliwapa walinzi wake mwanya mmoja mmoja hata wakiwa watatu, na Donald akawa mlinzi bora wa ligi mwaka 2017 na tena 2018, mwaka aliomwangusha kwotabeki mara 20.5 (nusu huhesabiwa walinzi wawili wanapomwangusha pamoja). Vince Wilfork alikuwa kinyume chake. Chuoni Miami alicheza kwenye mstari wa wanne, New England Patriots wakamchukua mwaka 2004, wakamweka mbele ya senta na kumpa mianya miwili. Mtu wa kilo karibu 147 mwenye miguu myepesi vile hakuhitaji kuwa ameifanya kazi hiyo chuoni. Aliyemtazama vizuri aliona kwamba hasogei.

Kwa hiyo mnapotazama Jumamosi, acheni mpira kidogo, mfuateni mlinzi mmoja tu kwa robo nzima. Hapa kazi yako ya ghalani itakusaidia kuliko unavyofikiri. Unamjua kuli anayeliinua gunia kwa kukunja magoti, kiuno kikiwa chini, na unamjua anayelivuta kwa mgongo na kuyumba. Wazuiaji wawili wanapomwendea mlinzi pamoja, angalieni kiuno chake: kikiinuka, atarudishwa nyuma hatua mbili tatu, hata awe na misuli ya namna gani. Kisha angalieni viganja vinatua wapi, kifuani au mabegani, na kama macho yake yanamwona mbeba mpira au yameganda kwa mzuiaji. Na kila anapomwangusha kwotabeki, rudisheni picha nyuma: je, alimshinda mtu wake, au kwotabeki alikimbia mwenyewe hadi mikononi mwake? Mimi nimefuta sifa nyingi kwa swali hilo moja.

SWALI: Je, idadi ya mara ambazo mchezaji anainua chuma kwenye majaribio ya Indianapolis, ambako timu za kulipwa huwapima vijana wa vyuo kabla ya kuwachagua, ina maana yoyote? – Msomaji, Lindi

JIBU: Ina maana ndogo. Chuma kile ni cha kilo 102, na huinuliwa mtu akiwa amelala chali kwenye benchi, ilhali nguvu ya mlinzi huanzia miguuni na kupitia kiunoni. Donald alikiinua mara 35, lakini kilichopaswa kuwashtua watu ni yadi 40, yaani mita 36 na ushei, alizozikimbia kwa sekunde 4.68 akiwa na uzito ule. Hata katika mbio hizo mimi huangalia yadi 10 za mwanzo, kwa kuwa mlinzi wa katikati ni nadra kukimbia zaidi ya hapo. Kwa atakayepewa mianya miwili, ningeuliza kwanza urefu wa mikono, maana mwenye mikono mifupi hukamatwa kifuani kabla yeye hajakamata.