Rivolva ya bei nafuu kwa kulenga shabaha

SWALI: Je, rivolva (bastola yenye silinda inayozunguka) ya bei nafuu inayotumia risasi za inchi 0.22 inamfaa mtu anayelenga shabaha kwa kujiburudisha tu?

JIBU: Inamfaa, kwa kuwa risasi zake ni za bei nafuu na teke lake (msukumo wa kurudi nyuma inapofyatuliwa) ni dogo. Kasoro inayoudhi zaidi, kwa maoni yangu, imo kwenye kifyatulio: kiwashio cha baruti kimo ndani ya ukingo wa kitako cha ganda la risasi, hivyo nyundo sharti ipige kwa nguvu, na springi ngumu inayohitajika hufanya kifyatulio kiwe kigumu kuvuta na kuuyumbisha mkono wa mlengaji. Fremu ya aloi ya zinki nayo huchakaa mapema kuliko ya chuma cha pua. Usiifyatue ikiwa tupu, maana pini inayopiga ganda yaweza kugonga ukingo wa chemba (tundu linalokaa risasi) na kuuharibu.