Daftari la madeni ya saa

Mwaka 2024 Pasaka ilikuwa tarehe 31 Machi na Idi ikaangukia tarehe 10 Aprili. Kwa fundi cherehani hiyo ni misimu miwili kuingia kwa pamoja. Nina banda la ushonaji Tabata, Dar es Salaam, na tuko watatu: mimi, dada tunayeshona naye, na kijana wa kumalizia, yaani oveloki (mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisifumuke), pindo, vifungo na pasi. Msimu ule kila nguo ilitoka siku niliyoahidi. Miaka ya nyuma haikuwa hivyo hata kidogo, na najua wapo wengi wanaoteseka na jambo hilihili, si mafundi nguo tu. Fundi samani, fundi wa mageti, mama anayeoka keki za harusi, wote tunauza ahadi kabla ya kuuza kitu chenyewe.

Mtaani tumepewa jina la "fundi njoo kesho". Watu hudhani ni uvivu. Mimi nilikuwa nafungua saa moja asubuhi na kufunga saa nne usiku, na bado mteja alikuta kitambaa chake hakijaguswa. Kuna mama alikuja Ijumaa jioni kuchukua gauni la sendofu ya binti yake, na shughuli yenyewe ilikuwa Jumamosi. Gauni lilikuwa limekatwa, mikono bado. Nikamwomba asubiri. Alikaa kwenye benchi mpaka saa tano usiku bila kunitolea neno la ukali. Alipolijaribu, likambana kifuani, na muda wa kulifumua haukuwepo. Alikwenda kwenye sendofu ya mwanawe na gauni la zamani. Hakurudi tena kwangu, na alikuwa na haki. Usiku ule sikulala. Nilijiuliza saa zangu zote zinakwenda wapi.

Dawa niliipata kwenye daftari. Maduka ya mtaani yana daftari la mkopo: fulani kachukua sukari kilo moja, anadaiwa. Nasi tunasema ahadi ni deni, basi nikaamua kulitendea neno hilo kama lilivyo. Nikanunua kaunta buku, nikachora siku za wiki, na kila nilipomwahidi mtu nguo nikaandika nadaiwa saa ngapi na siku gani.

Ili niandike hivyo ilibidi kwanza nijue nguo moja inakula saa ngapi. Hapo ndipo nilipogundua kwamba miaka yote nilikuwa nakisia. Ungeniuliza gauni la kitenge linachukua muda gani, ningekujibu saa mbili bila kusita. Kwa wiki mbili nikawa naliwekea kila gauni saa ya simu. Kupima na kuelewana mshono, dakika 20. Kukata, dakika 40. Kushona, saa mbili na nusu. Kumalizia, saa moja. Jumla saa nne na nusu, na hapo sijagusa bitana, kile kitambaa cha ndani. Nikapima na siku yenyewe. Nilidhani nafanya kazi saa 12 au zaidi, lakini muda ambao mikono yangu ilikuwa kwenye kitambaa haukuzidi saa sita. Ukimtoa kijana wa kumalizia, gauni moja linatudai saa tatu na nusu, mimi au dada. Wawili tuna saa 12. Hayo ni magauni matatu kwa siku, na mimi nilikuwa napokea matano, mpaka sita. Kwa saa hizo, hesabu isingekubali.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaoujali kuliko yote, ni huu: pima kazi yako kwa saa halisi kabla hujatamka tarehe. Usimwige jirani, maana mashine yake si yako na msaidizi wake si wako. Mimi siku hizi mteja akija sitaji siku kabla sijafungua daftari. Siku iliyojaa imejaa. Namwambia, "Dada yangu, Ijumaa haina nafasi, ila Jumanne saa kumi jioni utaikuta imepigwa pasi." Nataja na saa, kwa sababu "njoo jioni" humleta mtu saa tisa akakaa kukutazama unavyohangaika. Mwanzoni niliogopa kuwapoteza. Wachache waliondoka kweli, lakini wengi wanakubali, kwa kuwa wamechoka kuzungushwa. Na mchana wa Alhamisi siuandikii kitu. Huo ni wa marekebisho, wa nguo ya msiba isiyoweza kusubiri, na wa umeme unapotuangusha.

Umeme una somo lake. Wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023, sare za shule za Januari zikiwa zimejaa mezani, oveloki na pasi vilikuwa vinasimama katikati ya kazi. Tuna cherehani moja ya kukanyaga, na ndiyo iliyotuokoa. Tukakubaliana kwamba umeme ukiwepo kila mtu anaacha alichoshika, tunakimbilia oveloki na pasi. Kukata na kushona mshono ulionyooka vinaweza kufanyika bila umeme. Mgao ulipokwisha sikuuacha utaratibu huo wa kuanza na kazi inayotegemea kitu nisichokimiliki.

Zile saa sita nyingine zilikuwa zinavuja sehemu ndogondogo. Kubadilisha uzi, kwa mfano. Oveloki ina nyuzi tatu au nne za kupitisha, na sisi tulikuwa tunatoka nyeusi kwenda nyekundu na kurudi nyeusi siku nzima. Sasa tunakata kwa pamoja Jumatatu, kisha tunashona kwa rangi ya uzi. Kariakoo nayo nilikuwa nakwenda kufuata zipu moja, foleni kwenda, foleni kurudi, nusu siku imeisha, nami najipongeza kwamba nimeipata kwa bei nafuu. Zipu ya dukani hapa mtaani imezidi kwa shilingi mia mbili au mia tatu tu! Sasa naenda Jumanne asubuhi peke yake, na orodha inatundikwa ukutani wiki nzima.

Na simu za "fundi, imefikia wapi?" Hizo huletwa na ukimya wetu wenyewe. Asubuhi ya siku ya kuchukua natuma ujumbe mfupi: nguo iko tayari, au haiko. Kama naona nitachelewa, namwambia siku moja kabla, si akiwa ameshafika mlangoni.

Kuna ushauri mmoja wa biashara nisiokubaliana nao, ule wa kukata maongezi na wateja ili kuokoa muda. Kwetu mtu hapiti bila salamu, na mteja wa salamu ndiye huleta sare ya kamati nzima ya harusi. Nilichofanya ni kutunza kazi za mkono, vifungo na pindo laini, kwa ajili ya saa tisa hadi saa kumi na moja, muda ambao watu hupita. Mtu anakaa, tunaulizana habari za nyumbani, sindano inaendelea.

Msimu ule wa sikukuu mbili daftari lilijaa tarehe 21 Machi, mwezi 10 Ramadhani. Nikabandika boksi mlangoni limeandikwa "Oda za Pasaka na Idi zimefungwa", na waliokuja baadaye nikawaelekeza kwa fundi mwenzangu wa mtaa wa pili. Iliniuma kuona pesa ikiondoka. Lakini usiku wa kuamkia Idi tulifunga saa mbili, wakati miaka ya nyuma saa hizo ndiyo kwanza tulikuwa tunakata kanzu. Gauni la mwanangu, ambalo kila mwaka lilikuwa la mwisho au halishonwi kabisa, lilikuwa limeandikwa kwenye daftari kama la mteja yeyote: Jumatatu, kazi ya saa mbili. Nilipofika nyumbani lilikuwa limetundikwa mlangoni, na mwenyewe ameshalijaribu mara tatu.