Kabla ya Kikundi Chenu Kwenda Engaruka

Vikundi vingi vya hapa Mombasa vinavyopenda kusafiri vimekwisha kuyazunguka magofu ya karibu, kuanzia Jumba la Mtwana hadi Gede, na sasa vinauliza ni wapi kwingine mtu anaweza kutembea na wakati huohuo akafanya kazi ya kujitolea. Jibu langu ni Engaruka, kaskazini mwa Tanzania, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, katika njia ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Ziwa Natron. Hata hivyo, siipendekezi safari hiyo kwa kikundi ambacho hakijakubaliana na jambo moja: kazi ichaguliwe na wenyeji, nayo itangulie matembezi.

Kuanzia takriban karne ya 15 hadi ya 18, wakulima waliishi hapo katika vijiji vilivyopangwa ngazi kwa ngazi kwenye mteremko wa mlima, na chini yake wakalima mashamba yaliyogawanywa kwa mistari ya mawe na kunyweshwa kwa mifereji iliyochepushwa kutoka mito inayoshuka mlimani. Sisi tuliozoea matumbawe na chokaa hushangaa, kwa kuwa kule hakuna chokaa hata kidogo. Jiwe limelazwa juu ya jiwe, na ukuta umesimama. Mwanaakiolojia Louis Leakey aliyachunguza magofu hayo mwaka 1935, na hadi leo wanaakiolojia wanajadiliana kwa nini watu walihama, kupungua kwa maji kukiwa miongoni mwa sababu zinazotajwa. (Hata Gede, kukauka kwa visima vyake huhusishwa na kuhama kwa wakazi wake.)

Wanakijiji wa leo bado wanalima kwa maji ya mifereji. Tulipowasiliana na uongozi wa kijiji, baadhi yetu walikuwa wakipigia debe kupaka rangi madarasa, nadhani kwa sababu picha zake hupendeza. Mwenyekiti alitujibu kwa upole kwamba rangi inaweza kusubiri, ila mfereji umejaa mchanga. Basi tukazoa mchanga. Mzee anayesimamia zamu za maji alitutangulia na fimbo yake, akiichomeka kila baada ya hatua chache ili kupima kina, na palipochimbwa kupita kiasi alituamuru turudishe udongo, kwani maji yakipata kasi hula kingo. "Wanangu, huu si msingi wa nyumba," alisema, na kazi ikaendelea kwa kicheko.

Kesho yake tulipopandishwa kwenye magofu na kuonyeshwa mfereji wa kale ukiambaa na mteremko, ukishuka kidogo kidogo mno, hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu. Mgeni aliyefika kupiga picha na kuondoka angeona mawe yaliyopangwa, basi. Ndiyo maana nasisitiza kazi itangulie.

Yaliyosalia ni maandalizi, ingawa moja ni zito: Tanzania humtaka mgeni awe na kibali hata kama kazi anayoifanya haina malipo, kwa hiyo waombeni wenyeji wenu wawaulizie idara ya uhamiaji mapema, kabla hamjalipia gari. Bebeni pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Njia yetu ilipita Voi, Taveta, Holili, Moshi na Arusha. Baada ya Mto wa Mbu tegemeeni vumbi na makorongo, na msithubutu kwenda wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei.

Wasioweza kuchimba wasiachwe nyumbani. Akina mama wakubwa katika kikundi chetu walishika jikoni pamoja na wenyeji, na kwa maoni yangu wao ndio waliokijua kijiji kuliko sisi wenye makoleo.

Magofuni, mwongozaji wenu awe mtu wa hapohapo na alipwe ujira wake, hata kama wengine wote mnajitolea. Asipande mtu juu ya kuta, kwa kuwa hazina kinachozishikilia isipokuwa uzito wake, na mifugo imekwisha kuzibomoa kiasi cha kutosha. Mchango wa fedha ukabidhiwe serikali ya kijiji kwa risiti, si mkononi mwa mtu mmoja, hata awe mkarimu namna gani. Makoleo na sururu vinunulieni huko njiani na mviache kijijini mnapoondoka, kwa kuwa mchanga utarudi katika mfereji ule mvua zitakapoanza.