Umati hauna wazimu

Ndugu Mhariri, mliuliza wiki hii: "Je, mtu akiingia kwenye umati hupoteza akili zake?" Jibu langu ni hapana, na natoa sababu nikiwa mkazi wa Moshi.

Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo hapa mjini, watu 20 walipoteza maisha kwenye ibada, waumini waliposongamana ili wakanyage mafuta ya upako. Baada ya hapo, kila kijiwe nilichopita nilisikia maneno yale yale: mkumbo, ujinga, watu hawakutumia akili. Yaliniuma sana, maana marehemu hawakuwa na nafasi ya kujitetea.

Wazo hilo ni la zamani. Mwaka 1895 Mfaransa Gustave Le Bon aliandika kwamba mtu akishaingia kwenye kundi hujisahau, na hisia huambukizana kama homa. Le Bon aliyaogopa makundi ya watu wa chini, na hofu yake imejaa katika maelezo yake.

Lakini hebu tazama msongamano wenyewe. Watu wakifika sita au saba katika mita moja ya mraba, hakuna tena anayeamua aelekee wapi. Msukumo unapita miilini kama wimbi. Wengi hufa wakiwa wamesimama, kifua kimebanwa hata pumzi haiingii. Aliye nyuma haoni kinachotokea mbele. Yeye anajua amesogea hatua moja tu. Akili anayo, habari ndiyo hana. Kule Hillsborough, Uingereza, msongamano katika uwanja wa mpira mwaka 1989 uliua mashabiki 97, na lawama wakatupiwa mashabiki wenyewe. Ilikuwa hadi 2016 ndipo baraza la wazee wa mahakama likatamka kwamba hawakuwa na kosa.

Wanaonishawishi zaidi ni Wamarekani Ralph Turner na Lewis Killian, walioandika mwaka 1957 kwamba umati huzaa kanuni zake pale pale. Watu wanajikuta katika hali wasiyoizoea, hawajui lipi linafaa, kwa hiyo wanatazamana. Wachache wanaanza, na wengine wakinyamaza, ukimya wao unachukuliwa kuwa ni kukubali.

Hili nililiona kwa macho yangu sokoni Kiboriloni, siku kijana mmoja alipoitiwa mwizi. Kwa mbali ungeapa kwamba soko zima linampiga. Nilipokaribia, waliokuwa wakipiga hawazidi watano. Sisi wengine, labda mia moja, tulikuwa tumesimama tu, na mimi nikiwamo. Wale watano walikuwa wakitugeukia kila mara kututazama usoni. Nilielewa baadaye walichokuwa wanatafuta: ruhusa, na tulikuwa tunawapa bila kufungua mdomo.

Mama mmoja muuza ndizi ndiye aliyepaza sauti: "Mpelekeni polisi, huyo ni mtoto wa mtu!" Kwa muda hakuna aliyemjibu. Kisha mzee mmoja wa upande wa mitumba akasema, "Mama anasema kweli." Sauti ya tatu, ya nne. Mmoja wa wale watano aliangusha fimbo yake chini, taratibu, akajifuta mikono kwenye suruali.

Msomaji wenu, Moshi