Jibu: Mbona GB 1 haimalizi siku?

Mkuu pole, hilo la bando la GB 1 kukata kabla ya jioni hata mimi limenitesa sana. Bei zinauma kweli, si unakumbuka Aprili 2021 vilipokuja vifurushi vya bei mpya watu wakapiga kelele mpaka TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ikavisitisha? Lakini na matumizi yetu yamebadilika aisee, zamani ilikuwa kuchati na kusoma habari, leo kutwa tunaangalia video, na video ya HD ya saa moja tu inaweza kumaliza GB nzima, halafu zile fupi fupi unakuta inayofuata imeshaanza kujipakua hata hujaifikia.

Juzi nimeingia kwenye mipangilio ya simu, pale kwenye matumizi ya data, nikakuta app ya picha imekula MB 600 usiku nimelala, inapandisha mtandaoni video za harusi ya dada yangu! Nikaizuia isitumie bando, na WhatsApp nikazima ile ya kudownload video zenyewe. Sasa nafika mpaka kesho yake. Ila bando kuexpire na MB bado zipo, hilo linaniuma mno, hela yangu si nimeshalipa?